Msiba Kwenye Njia ya Kurukia

Gaudens Rwegasira alikuwa msimamizi wa uwanja wa ndege, na asikudanganye mtu, uwanja wenyewe ulikuwepo kweli. Ulikuwa nyuma ya vilima vya Madale, sehemu inayoitwa Mikoroshini, ambako barabara ya mtaa inakuwa tope ukishapita tu duka la mbao, na tope hilo ukiliingia na viatu unatoka na kimoja. Katikati ya tope zilikuwepo mita mia tisa za lami, nyeusi, imenyooka, haiendi popote. Mkandarasi fulani aliiweka zamani kwa ajili ya mradi wake, mradi ukafa, mwenyewe akatokomea, manispaa ikarithi. Manispaa ikaongeza ubao, chumba kimoja chenye mabenchi mawili, mizani ya mizigo, fuko refu la kuonyesha upepo unakoelekea, na Gaudens.

Alikuwa hapo miaka kumi na moja. Kwa muda wote huo zilitua ndege tisa, na tano kati ya hizo zilikuwa zimepotea njia. Gaudens alizipokea zote kwa suti. Kila Jumatatu aliifagia lami kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwao Muleba akienda likizo walimwita Meneja, jina ambalo hakulikataa hata siku moja. Mkewe Auleria, mwalimu wa shule ya msingi na mtu asiye na breki mdomoni, yeye hakuwa na habari na umeneja.

"Baba Blessing," alikuwa akimwambia, "wewe ni meneja wa barabara isiyo na magari."

Sasa, ndege zikiwa haziji, watu wafanyeje? Lami imelala pale, kavu, safi, na nyumba zote zimezungukwa na tope. Wakaitumia. Wenye muhogo wakaanika muhogo. Wenye harusi wakachezea harusi. Kwaya ikafanyia mazoezi. Na misiba, usiseme, misiba yote ya Mikoroshini ilikaliwa pale. Msiba wa Dar unaujua: haumwombi mtu ruhusa. Turubai linafungwa katikati ya barabara, na hata awe nani na gari lake la bei gani, akiliona anageuza. Gaudens naye hakuwahi kulalamika. Alipenda kuona watu uwanjani kwake, hata kama hakuna aliyekuwa na tiketi.

Basi Alhamisi moja ya masika ikaingia barua ya manispaa. Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, mkaguzi atatua kwa ndege kwenye uwanja. Ndege ikishindwa kutua kwa sababu yoyote ile, uwanja utafutwa kwenye orodha ya viwanja vya ndege, eneo litafanywa maegesho ya malori ya mchanga, na msimamizi atahamishiwa machinjioni kusimamia usafi. Gaudens aliisoma mara tatu, ya tatu akiwa amekaa chini kwenye sakafu. Machinjio yalimuuma, tusifichane. Lakini kilichomuuma zaidi ni malori. Aliupenda ule uwanja. Miaka yote aliamini kwamba ipo siku ndege zitaanza kuja, moja, mbili, halafu kila wiki, na zitamkuta yupo na pamefagiliwa.

Jioni ya Alhamisi hiyo hiyo mzee Gibson, dereva mstaafu wa malori ya masafa, jirani wa nyumba ya tatu, akafariki hospitalini mjini.

Ijumaa kabla ya chai pikapu ikaingia uwanjani ikiwa imejaa mabomba ya chuma na maturubai. Juu yake amekaa mzee Mwinshehe, mjumbe wa mtaa na mwenyekiti wa kamati ya kila msiba, awe amekufa Mwislamu au Mkristo. Gaudens akatoka mbio na barua mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Shika bomba hilo."

Na Gaudens akashika! Hebu niambie, wewe ungefanyaje? Mtu amekufa, mjane analia nyumba ya tatu, watu wanahangaika na mabomba, wewe useme nini, una ndege? Aliiweka barua mfukoni kwa muda, akashika bomba, akavuta kamba, na kwa mikono yake mwenyewe akasaidia kusimamisha maturubai matatu katikati kabisa ya njia ya kurukia. Kila alipofungua mdomo kusema, mtu alimpa kitu cha kubeba. Kufika saa sita alikuwa amebeba viti mia mbili na amechaguliwa kuwa katibu wa kamati ya mazishi, kwa sababu ana mwandiko mzuri.

Alikuwa anaogopa, huo ndio ukweli. Mikoroshini mtu akivuruga msiba wa mwenzake hasemwi, anasubiriwa tu. Siku ukifiwa wewe, turubai litakuja, lakini litakuwa na wewe na mkeo na viti.

Mchana akapata akili. Mtaa ulikuwa na kundi la WhatsApp. Akajificha chooni, akaandika taratibu, akafuta, akaandika tena: "Ndugu wanamtaa, kesho saa nne kamili asubuhi ndege itatua uwanjani kwetu. Tunaombwa tuondoe maturubai kwa muda mfupi. Ahsanteni kwa ushirikiano." Akatuma, akafumba macho.

Simu ikaanza kulia pii, pii, pii. Akachungulia kwa jicho moja. "Amina," ameandika wa kwanza. "Amina," wa pili. "Poleni sana wafiwa." "Pumzika kwa amani mzee wetu." Mikono iliyokunjwa ya kuomba, sita. "Tuko pamoja," ameandika mzee Mwinshehe mwenyewe. Kufika jioni zilikuwa Amina sitini na mbili.

"Wamekubali!" Gaudens alimwambia mkewe.

Auleria akaichukua simu, akapandisha kidole juu, akateremsha. "Baba Blessing, hawa hawajasoma. Hapa hata ungeandika nyumba yako inaungua wangesema Amina. Nenda kamwambie mama mwenyewe."

"Mzee Mwinshehe amesema tuko pamoja."

"Haya," alisema Auleria, kwa ile haya ya mwanamke anayekuacha uanguke mwenyewe.

Jumamosi saa mbili asubuhi Gaudens alitoka nyumbani na suti. Alipofika uwanjani maturubai hayakuwa matatu tena. Yalikuwa manne. Wakwe walikuwa wamefika na basi zima kutoka Mbeya wakafungiwa lao. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka na magodoro, wanaume kwenye viti vya plastiki, na upande wa pili wa lami masufuria matano yalikuwa yamebandikwa juu ya mafiga na moshi unapanda mbinguni. Gaudens akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Mzee Mwinshehe," alisema, akimvuta pembeni, "ule ujumbe wangu..."

"Mzuri sana, umegusa watu." Mzee akamkabidhi kipaza sauti. "Nyie Wahaya mna sauti za redio. Wasomee watu ratiba, kila mtu ananiuliza mie, nimechoka."

Gaudens akasimama mbele ya watu mia tatu na karatasi mkononi. Saa tatu ilikuwa imeshapita. Akaanza: "Saa tatu na nusu, chai." Akaona hapo ndipo pa kupenyeza. "Saa nne... saa nne kamili, ndege. Saa sita, mwili kuwasili. Saa saba, ibada. Saa tisa, maziko. Ahsanteni."

Akarudisha kipaza sauti na kukaa. Kwenye viti vya nyuma mtu mmoja akamgeukia mwenzake.

"Amesema ndege?"

"Ndege."

"Ndege ya nini?"

"Si ya mwili! Mwili unakuja na ndege."

"Kutoka hapo mjini tu?"

"Foleni, ndugu yangu. Unaijua foleni ya Tegeta wewe? Maiti wanachelewa maziko yao wenyewe."

Hiyo ikatosha. Kabla chai haijamiminwa, habari ilikuwa imeshazunguka maturubai yote manne na kunenepa njiani. Daniel, kitinda mimba wa marehemu, ndiye aliyekodi ndege. Daniel anafanya kazi mgodini, ana uwezo. Ndege ni nyeupe. Wakwe kutoka Mbeya walitikisa vichwa kwa heshima. Kumbe Gibson alikuwa mtu mkubwa hivi! Na mwanamume mmoja akasimama, akapiga makofi, akasema kwa sauti kile ambacho Gaudens alikuwa amekitamani tangu Ijumaa asubuhi: "Jamani, sasa kama mwili unakuja na ndege, haya maturubai si yanaziba? Itatua wapi?"

Wanaume kumi wakaenda kwenye kamba.

Gaudens aliyaona hayo na moyo ukamruka. Hakuwa amesema uongo wowote. Alisoma ratiba tu. Wao wenyewe wamejazia, na yeye angenyamaza tu dakika ishirini. Kunyamaza kuna kosa gani? Akaunyamazisha mdomo, akaikunja mikono, akaangalia angani kama mtu asiyehusika.

"Gaudens." Alikuwa Auleria, amesimama nyuma yake. "Mama anakuita."

Bupe, mjane, alikuwa kwenye godoro katikati ya wanawake, khanga imefunika kichwa, macho yamevimba. Alikuwa mama mtu mzima wa miaka sabini na kidogo, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayofanya watu wengine wanyamaze. Gaudens akapiga magoti.

"Baba Blessing, wanasema Gibson anakuja na ndege. Nimempigia Daniel, hapokei, nadhani yuko mochwari." Akamshika mkono. "Ni kweli? Maana yule mzee hakuwahi kupanda ndege maisha yake yote. Kila ikipita juu alikuwa anatoka nje kuiangalia. Ni kweli atapanda?"

Alikuwa anamwangalia kwa matumaini. Hapo ndipo Gaudens alipoiona dhambi yake ilivyo ndefu. Angeweza kuvumilia kutukanwa na mtaa mzima, lakini uso ule, hapana.

"Si kweli, mama," alisema, na maneno yote yakamtoka kwa mkupuo. "Daniel anakuja na gari. Ndege ni ya mkaguzi. Anakuja kuangalia uwanja, asipotua leo wanaufuta wanaweka malori, na mie naenda machinjioni. Watu wamejichanganya na mie nikanyamaza. Nisamehe mama, nimekosa."

Wanawake waliozunguka wakaguna. Mmoja akasema, "Laana hii."

"Tangu lini unajua?" Bupe aliuliza.

"Tangu Alhamisi."

"Na jana nilikuona kutoka dirishani kwangu, umeshika bomba."

"Nilishika, mama."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Niliogopa."

Bupe akamtazama, akaitazama ile suti, akawatazama wanaume kumi wanaohangaika na kamba ili kumpisha marehemu aliyeko mochwari. Bega likaanza kumtikisika. Wanawake wakamkamata wakidhani anazimia. Kumbe anacheka! Mjane, siku ya kumzika mumewe, anacheka mpaka khanga inamdondoka. "Gibson angekufa mara ya pili," alisema akijifuta machozi, na hayo machozi sijui yalikuwa ya upande gani. "Jamani, ungesema tu! Tungekusogezea. Mtu una shida yako siku mbili uko nayo mfukoni, sisi ni nani yako?"

Ilimchoma Gaudens kuliko matusi.

Na hapo ngurumo ikasikika kutoka upande wa bahari, nyembamba, inakuja. Bupe akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti.

"Ndugu zangu, hakuna maiti kwenye hiyo ndege. Ni wakubwa wa Gaudens wamekuja kumkagua. Maturubai yaende kwenye nyasi, tusimwaibishe jirani yetu."

Kufungua turubai ni kazi ya saa nzima, na ndege ilikuwa imeshafika, inazunguka juu ya mikorosho. Mzee Mwinshehe akapiga kelele, "Hatufungui! Tunanyanyua!" Watu wakashika mabomba, kila bomba watu watano, na msiba mzima ukainuka na kuanza kutembea. Wazee walitembea chini ya turubai na vikombe vya chai mikononi. Wapishi walikimbia na masufuria wakipokezana kwa khanga. Bupe alikataa kunyanyuka kwenye godoro, akabebwa nalo. Turubai la wakwe lilikosea upande, likaelekea kwenye mlingoti wa fuko la upepo, likarudishwa kwa matusi ya Kinyakyusa. Ndege ilizunguka mara mbili, mara tatu, na ya nne ikashuka, ikagusa lami, ikakimbia, ikasimama hatua chache kutoka kwenye jivu la mafiga.

Sasa kuna watu wa nyuma ambao hawakusikia tangazo la mjane. Msiba una watu wa nyuma siku zote. Mlango ulipofunguka, wanawake wanne wakatoka mbio na mikono kichwani, "Gibson weee! Umekuja baba!" Aliyeshuka ni Bi. Yuliana, mkaguzi, mwanamke mnene wa makamo mwenye faili kwapani. Wakamkumbatia wote wanne. Na Bi. Yuliana, ambaye maofisa wa viwanja wanamwogopa nchi nzima, akaliangusha faili na kulia nao. Alilia kwanza, akauliza baadaye.

"Nani amefariki?" alimuuliza Gaudens akiwa bado anafuta kamasi.

"Jirani yangu, mheshimiwa."

"Poleni sana." Ndipo akakumbuka kukasirika. "Na kwa nini anafariki kwenye njia ya kurukia?"

Rubani alikuwa kijana wa Upanga anayeitwa Danish. Yeye hakuuliza kitu. Alivua viatu, akaingia turubai la wanaume, akawapa wafiwa mkono wa pole, na baada ya muda mfupi alikuwa na sahani ya wali na mzee Mwinshehe anamwongezea nyama.

Bi. Yuliana alikagua kweli. Alipima lami kwa hatua, akapiga picha mafiga, akahesabu fuko la upepo lina matundu mangapi. Akarudi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaandika muda mrefu. Wali wake ukapoa. Watu walijifanya wanaongea.

"Lami ni nzima," alisema mwishowe. "Imetunzwa kuliko viwanja vingi vikubwa. Uwanja unabaki."

Gaudens akashika kifua.

"Kwa sharti moja." Akamsogezea fomu na kumwonyesha kwa kidole. Hakutakuwa na mkusanyiko wowote wa watu kwenye njia ya kurukia, wakati wowote, kwa sababu yoyote. "Tia sahihi hapo."

Gaudens akaichukua kalamu. Miaka kumi na moja ilikuwa mbele yake kwenye karatasi moja, ameokolewa, ni kuandika jina tu. Akainua macho. Pale kwenye nyasi turubai lilikuwa limekaa upande, maji ya mvua ya jana yanapanda kwenye mikeka, na Bupe amenyanyua miguu asilowe. Hakuna aliyekuwa anamdai chochote. Walikuwa wanakula.

"Mheshimiwa," alisema, "mie nikifa, turubai langu watalifunga wapi?"

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Ndilo ninaloliona."

Akainama na mwandiko wake mzuri, akaandika chini ya sharti: Isipokuwa msiba. Msiba ukiwepo, ndege isubiri. Akatia sahihi. Auleria aliyekuwa anachungulia nyuma ya bega lake akafunga mdomo kwa kiganja, na huyo, nakuhakikishia, si mtu wa kukosa neno.

Bi. Yuliana akasoma. "Unajua naweza kukufutia uwanja sasa hivi?"

"Najua."

"Na machinjio unayajua?"

"Nayajua kwa harufu."

Mkaguzi akaizungusha kalamu. "Mimi nakaa Ukonga," alisema. "Mwezi wa pili tulimzika mama. Tulifunga barabara siku tatu, magari yote yanazunguka nyuma. Angetokea mtu na fomu siku ile..." Hakumaliza. Akaivuta karatasi, akaongeza mstari wake mwenyewe, akagonga muhuri juu yake kwa nguvu mpaka sahani zikaruka. Kisha akavuta wali wake uliopoa, akaomba pilipili, na wakabaki, yeye na rubani wake, mpaka mzee Gibson alipozikwa.

Ule mstari uliingia kwenye maelezo ya uwanja wa Mikoroshini wanayopewa marubani, na upo mpaka leo. Unasema: Kabla ya kutua, rubani apige simu kwa msimamizi kuuliza kama kuna msiba.

Wiki mbili zikapita, wiki ya tatu ikaanza. Jumanne asubuhi Gaudens alikuwa anapima kuku wa jirani kwenye mizani ya mizigo, simu ikaita. Namba hakuijua.

"Shikamoo mzee. Danish hapa. Nina watalii wanne, nilitaka nitue kwako kesho. Nikasema nikuulize kwanza. Kuna msiba?"

Gaudens akamtoa kuku kwenye mizani, akambana kwapani. Hakuna rubani aliyewahi kumpigia simu. Ndege zote zilikuwa zikimwangukia tu, kama hayupo.

"Hakuna, baba," alisema, kuku anapiga kelele kwapani. "Wote tu wazima. Njoo."